Zukini zinageuka njano zikiwa changa: majibu kwa wakulima wa bustani, Mwanza

SWALI: Nina mashina manane ya zukini nyuma ya nyumba, huku Buhongwa. Maua ni mengi na vitunda vinatokea, lakini vikifika urefu wa kidole vinageuka njano kuanzia nchani, vinalainika na kudondoka. Nimepulizia dawa ya ukungu mara mbili, sioni nafuu. Nifanye nini? – Mama wa Buhongwa

JIBU: Mama, weka bomba chini kwanza. Kwa dalili ulizotaja, tatizo si ukungu. Vitunda vyako havijapata chavua (unga wa njano wa ua dume) ya kutosha, na mmea huacha kukilisha kitunda ambacho hakina mbegu zinazokua. Kuoza unakokuona nchani huja baadaye, tunda likiwa limeshakufa.

Zukini hubeba maua ya aina mbili kwenye shina moja. Ua jike linakaa juu ya kitunda kidogo. Ua dume limesimama peke yake kwenye kikonyo kirefu chembamba. Chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba, kwa hiyo ni lazima nyuki waifikishe. Na muda wenyewe ni mfupi: ua hufunguka alfajiri, likifika saa nne au saa tano limeshajifunga, na kesho halifunguki tena. Asubuhi ya mvua za vuli nyuki hawatoki. Asubuhi ambayo mtu amepulizia dawa ya wadudu ni mbaya zaidi, maana nyuki wanakufa juu ya maua yaleyale tunayotaka wayahudumie.

Fanya kazi ya nyuki kwa mkono wako, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Tafuta ua dume lililofunguka leo, liguse katikati kwa kidole. Unga wa njano ukibaki kidoleni, linafaa. Lichume na kikonyo chake, ubandue petali zote hadi kibaki kijiti cha katikati. Nenda kwenye ua jike lililofunguka leo, upake kijiti hicho taratibu juu ya kichwa chake cha ndani, pande zote. Tunasisitiza pande zote kwa sababu ukigusa upande mmoja tu unapata tunda nene kichwani na jembamba mkiani. Dume moja linatosha majike mawili au matatu. Siku ya tatu utaona tofauti: lililopata chavua linanenepa na kung'aa, lililokosa linapauka. Vuna likifika sentimeta 15 hadi 20, usilisubiri liwe boga, kwani tunda linalokomaa hukawiza mengine kutunga.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujaamua kwamba ni chavua. Pasua tunda moja lililoharibika. Ukikuta funza, hao ni watoto wa nzi wa matunda: kusanya matunda yote yaliyotobolewa na nzi hao, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani kwa siku kadhaa, usiyatupe kwenye mboji. Matunda mapya yavishe mfuko wa karatasi ya gazeti mara tu ua linaponyauka. Lakini kama tunda lilikuwa limeshakua na nchani pana doa jeusi, kavu, gumu kama ngozi, basi maji ndiyo hayaendi sawa. Udongo wa kichanga wa Mwanza, ule wa luseni, unakauka haraka. Ukimwagilia leo sana kisha ukaacha siku nne, kalisiamu, madini ambayo tunda huyapata kupitia maji, haifiki kwenye ncha yake. Kila shina lipe lita 4 hadi 5 kwa siku wakati wa kiangazi, mwagia chini kwenye udongo, na funika udongo kwa nyasi kavu. Magugu maji yaliyokaushwa vizuri yanafaa kabisa.

SWALI: Majani yana mabaka meupe. Jirani anasema ni ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na kwamba niyakate yote. – Msomaji, Igoma

JIBU: Usikate bado. Lowesha kidole na usugue baka moja. Kama halitoki, na yale mabaka yamepangika kando ya mishipa ya jani, yana rangi ya fedha na ni laini kama jani lenyewe, hiyo ni rangi ya asili ya aina nyingi za zukini. Watu wengi wameng'oa mimea mizima kwa kosa hili, inatuuma.

Unga ukitoka kidoleni, jirani yako yuko sahihi. Ubwiri unga hauhitaji jani lililoloa maji ili uote, ndiyo maana hushamiri hata Juni hadi Agosti pasipo mvua, hasa mimea ikibanana kivulini. Ondoa majani ya chini yaliyoathirika zaidi, lakini usizidi theluthi moja kwa mkupuo. Kisha changanya sehemu 1 ya maziwa fresh ya ng'ombe na sehemu 9 za maji, upulizie juu na chini ya majani mara mbili kwa wiki. Si dawa ya kubahatisha: majaribio yaliyofanyika Brazili na kuchapishwa mwaka 1999 yalitumia zukini yenyewe, na maziwa yalipunguza ugonjwa. Ukianza jani likiwa limeshafunikwa lote, umechelewa. Msimu ujao acha mita 1 kati ya shina na shina.

SWALI: Kila mchana mimea yangu inalala kama imekosa maji, ingawa namwagilia. – Kijana wa Nyegezi

JIBU: Iangalie alfajiri. Ikiwa imesimama, ni jua tu. Majani mapana hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoyavuta. Ikiwa bado imelala, ng'oa mmoja. Mizizi yenye nundu kama shanga ina minyoo fundo, na hapo usirudishie zukini, nyanya, bamia wala bilinganya. Panda vitunguu.

SWALI: Majani yamejikunja, yana kijani kibichi na njano mchanganyiko, na matunda yana vinundu. Dawa gani? – Msomaji, Kisesa

JIBU: Pole sana, hakuna dawa. Hizo ni dalili za virusi vinavyoletwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, na kidukari huambukiza kwa kuonja jani kwa muda mfupi sana, kabla dawa ya wadudu haijamuua. Okoa mimea iliyobaki: jioni, funika mgonjwa kwa gunia kwanza ili vidukari wasirukie jirani, kisha ng'oa humohumo ndani ya gunia na uchome. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa shina lingine.