Tandiko la safari za vilimani: anza na mgongo wa farasi

Dada, umeuliza ununue tandiko gani la safari ndefu za vilimani, kwa kuwa la sasa linakuumiza nyonga na kuteleza mbele mkiteremka. Kwanza mtazame farasi. Tandiko lisilomkaa yeye halitakutulia wewe, hata uweke mto gani.

Liweke mgongoni bila kitambaa, kaza mshipi, kisha panda. Kati yake na mwinuko wa mabega vipite vidole viwili au vitatu, na lisiguse uti wa mgongo popote. Siku nyingine, baada ya mwendo wa saa moja, livue uangalie jasho. Ukiacha mstari wa uti, ambao hubaki mkavu, pakavu palipozungukwa na palipolowa mara nyingi ndipo panapogandamizwa. Usilipuuze hilo hata kidogo, maana farasi anaumia kimyakimya.

Upande wako, nyuma ya makalio ibaki nafasi ya kiganja. Vikuku, yaani vyuma vya kukanyagia, vizidi upana wa buti kwa kama sentimita moja kila upande, ili mguu uchomoke ukianguka. Tandiko likishamkaa na bado linasogea mbele, mfungie mkanda wa mkiani. Ule wa kifuani huzuia kurudi nyuma mkipanda. Na usilipe kabla muuzaji hajakuruhusu kulijaribu kwa farasi wako mwenyewe.