Kibarazani kwa Shangazi: "Wanatuuliza kama tuna umeme"

Assalaam aleikum wasomaji wangu. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya wanafunzi wa huku wanaokutana kwa video na skuli za nchi nyengine kuzungumza mambo ya dunia, tabianchi, taka, maji na kadhalika, basi barua zikaanza kumiminika, nyingi za WhatsApp na moja kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Nimechagua tano. Nimezikata urefu na majina nimeyaweka pembeni mana wengi ni watoto wa watu.

*

Shangazi shikamoo. Mie ni mwenyekiti wa klabu ya mazingira skuli moja hapa Wete, kidato cha tatu. Mwalimu wetu katuunganisha na skuli ya Uingereza tukakutana Zoom kuzungumza mabadiliko ya tabianchi. Tulijiandaa khasa, sare zimepigwa pasi, lakini karibu kikao kizima walimu ndo walizungumza, sie tukaambiwa tupunge mkono. Ilipofika zamu ya wanafunzi wale wenzetu wakauliza mna umeme, mnakula nini, mnakwenda skuli kwa miguu? Wengine walifurahi, mie nilitoka na unyonge. Sasa kikao cha pili kinakuja na mwalimu kasema safari hii tuongoze wenyewe. Tuongoze vipi na tuzungumze nini ili wasituulize tena yale?
Mwenyekiti, Wete

Marahaba mwanangu. Usiwachukie wale watoto, waliambiwa waulize wakauliza la mwanzo lililowajia kichwani, na wao hawakupewa la kufanya. Kosa liko kwenye mpango wenyewe, upande mmoja umekaa kuuliza na mwengine umekaa kujibu, na anaejibu siku zote ndo anaeonekana mwenye shida. Kwaiyo wekeni sharti moja tu na mlikubaliane nao mapema: kila swali, aliyeuliza nae alijibu kwa upande wake. Wakiuliza mna umeme, jibu vizuri tu, ndio, Pemba tunaupata kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, wakati mwengine unakatika, haya na wa kwenu unatoka wapi, gesi, upepo, nyuklia? Hapo hapo swali la kukutia unyonge limegeuka mada ya tabianchi yenyewe, na nakuhakikishia wengi wao itabidi wakaulize nyumbani (hata Unguja ukiuliza darasani utaona watu wanatizamana).

La pili ni mada. "Mabadiliko ya tabianchi" ni kubwa mno, mkikaa nayo hivyo kila mtu atasoma alichokikopi mtandaoni, tupande miti, tulinde mazingira, ahsanteni kwa kunisikiliza. Chukueni kitu kimoja kinachoonekana kwa macho. Nyie Pemba mna mabonde ya mpunga yaliyoingia maji ya chumvi, watu wamelima pale tangu enzi za mababu leo pameota majani ya pwani. Nendeni watatu na simu moja, lipigeni picha tuta, muulizeni bi mkubwa anaelima pale maji yalianza kuja lini, yeye kafanya nini, na sasa mchele anaupata wapi. Dakika mbili zinatosha, msiweke muziki. Halafu wenzenu wa Uingereza wapeni kazi ile ile, watafute bahari inakula wapi kwao. Mana inakula! Kuna kijiji kinaitwa Happisburgh huko Norfolk, pwani ya mashariki, nyumba zimeporomoka baharini kwa kuliwa ukingo wa pwani na barabara imekatika ghafla inaishia hewani. Waulizeni serikali yao inamfanyia nini mtu nyumba yake ikienda na maji, analipwa fidia, anahamishwa, au anaambiwa pole. Hilo wakijibu na nyie mkajibu la kwenu, mmeshazungumza jambo la dunia, tena bila ya mtu kumuonea mwenzake huruma.

Na kama mnataka kitu cha kushika mkononi, basi mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanaolima wengi ni wanawake, Pemba ndo inatoa sehemu kubwa. Aina ni mbili, spinosum na cottonii, na ile cottonii ndo yenye bei lakini haistahamili maji yakizidi joto, inaugua inageuka nyeupe inakatika, mama zenu wanalijua hili kuliko mie. Sasa mwani ule ukishasafirishwa unatolewa kitu cha kugandishia vyakula, na kwenye paketi za Ulaya kinaandikwa E407. Waambieni wenzenu siku ya kikao kila mmoja aje na kitu kutoka friji lao chenye E407, aiskrimu, maziwa ya chokoleti, krimu, watavipata tu. Nyie mje na kamba ya mwani mbichi, inadondosha maji hivyo hivyo mbele ya kamera. Mwani wa ile aiskrimu huenda umetoka Indonesia au Ufilipino, wao ndo wakubwa wa biashara hiyo, na hapo ndo patamu zaidi, mana mnaweza kumtafuta mtu wa tatu, skuli ya kisiwani Ufilipino, mkaulizana kilo moja mkulima analipwa ngapi kila pahala na nani anaipanga hiyo bei. Saa 3 asubuhi yetu kwao ni saa 8 mchana, inaingiliana.

Kuendesha kikao sasa. Wenyeviti wawili, mmoja wa kwenu mmoja wa kwao, wanapokezana. Mtu wa saa, asiwe muoga, akisema muda umekwisha umekwisha. Mtu wa chati anaesoma yanayoandikwa na kuyasema kwa sauti. Na mwenyekiti wa akiba, kakaa na simu nyengine yenye laini ya kampuni tafauti, mtandao ukimtupa wa kwanza wa pili anaendelea kama hapana kilichotokea. Usiulize "kuna swali?" mana watoto wetu utawajua, kimya. Mtaje mtu kwa jina umwambie mapema kuwa utamuita, na ukimuita mvulana anaefata awe msichana, la sivyo utakuta wavulana wanne wa mstari wa mbele ndo wamezungumza kwa niaba ya Pemba nzima. Mwalimu akae nyuma. Kazi yake ni kukata kikao mtu akikosa adabu, na kumzuia mgeni rasmi asije na hotuba. Jamani hili la mgeni rasmi nalisema kwa uchungu, dakika 40 za watoto zinaliwa 15 na mtu anaewashukuru watu wengine kwa majina yao na vyeo vyao. Akija mpeni kiti na soda, azungumze mwisho, zikibaki dakika.

*

Shangazi mie Kiingereza changu cha kuungaunga, nikifungua mdomo wenzangu wanacheka, basi nakaa kimya wakati mambo nayajua.
Msichana, kidato cha pili, Chake Chake

Mwanangu, mwambie mwalimu atafute skuli ya Japani. Sifanyi mzaha. Kiingereza kwao nacho ni cha kusomea, wanazungumza polepole, wanaandika kwanza, na hapana wa kumcheka mwenzake mana mko jahazi moja. Saa 2 asubuhi yetu kwao saa 8 mchana. Na kitu chengine, nani kasema lazima kikao kizima kiwe Kiingereza? Zungumza Kiswahili, mwenzako mmoja afasiri, wale wanaokucheka wape hiyo kazi ya kufasiri tuone. Au fanyeni kimoja na skuli ya Mombasa au Kigoma, Ziwa Tanganyika lile lina nchi nne na mambo yao ya samaki si madogo.

*

Dada habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sayansi skuli ya serikali kusini Unguja. Watoto wana hamu lakini kompyuta nzima ni mbili, bando natoa mfukoni, umeme ukikatika ndo basi. Mara ya mwisho wenzetu wa Uingereza walitungoja wakatoka, sisi tumeingia hayupo mtu. Kwa hali hii si bora tuwache mpaka vifaa vije?
Mwalimu, Makunduchi

Nzuri mwalimu, na pole. Vifaa vikija hao watoto watakuwa wameshaoa. Usingoje.

Hilo la kukosana nadhani nalijua hata bila ya kuelezwa zaidi. Kuna mambo mawili. Moja ni saa zetu, mtoto anamwandikia mwenzake "saa 7" mzungu anaamka alfajiri. Andikeni 13:00 na pembeni muandike Zanzibar. La pili wengi hawalijui, Uingereza na Ulaya wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sie hatusogezi. Kwaiyo saa 7 mchana yetu Uingereza ni saa 4 asubuhi wakati wa baridi na saa 5 wakati wa joto. Mkipanga kikao Oktoba kifanyike Novemba, yakini mtapishana saa nzima, na Marekani nao wana tarehe zao nyengine, mbali na hizo. Siku moja kabla mtumie mwenzako ujumbe, "kwako sasa hivi saa ngapi?" yamekwisha.

Ama intaneti, mie nakushauri usikifanye kikao cha moja kwa moja kuwa ndo shughuli yenyewe. Kifanye kiwe kama mazungumzo ya baada ya kula. Shughuli iwe kabla: wiki ya kwanza watoto wako wanarekodi sauti na video fupi kwenye simu yako, unazituma usiku ukiwa na bando la bei rahisi, wiki ya pili wenzao wanajibu, wanafunzi wako wanasikiliza darasani kwa spika ndogo, wanabishana, wanaandika maswali. Mkija kukutana Zoom mnajuana tayari na hata mkikatika dakika ya kumi hamkukosa kitu. Zoom ya bure yenyewe inakata ikifika dakika 40 na kwa watoto hiyo inatosha kabisa. Zimeni kamera zote muache moja ya anaezungumza, data inapungua sana, na kama sauti bado inakatakata zimeni na hiyo.

Na usione aibu kuwa mnafanya cha kimasikini. Huu mtandao mkubwa wa skuli unaoitwa iEARN mwanzo wake ni 1988, skuli za jimbo la New York na za Moscow, Umoja wa Kisovieti bado upo, na tovuti hizi za leo hazijazaliwa, wenzetu wanawasiliana kwa laini ya simu. Watoto wa nchi mbili zilizoelekezeana makombora. Wewe una WhatsApp.

Bando lakini, mwalimu, usitoe mfukoni. Lipeleke kwenye kamati ya skuli likaandikwe kwenye bajeti kama chaki.

*

Shangazi, tukimaliza hayo mazungumzo tunapata cheti au mwaliko wa kwenda Ulaya?
Wa Mwanakwerekwe

Cheti labda. Mwaliko hapana, na yeyote atakaekwambia lipia kidogo upate mwaliko, hata akiwa anamjua mwalimu wako kwa jina, mblok.

*

Bi Shangazi, mie ni mama wa Jang'ombe. Mwanangu wa kike ana miaka 15, kanambia yumo kwenye hivyo vikao vya video na watoto wa nchi za nje. Sikatai elimu. Lakini sasa naona kijana wa huko kaipata namba yake anamwandikia usiku, na kuna picha yake imewekwa kwenye ukurasa wa hiyo skuli ya wenzao, hakuna alieniuliza. Tena kikao chengine kilipangwa saa 11 jioni na yeye saa hizo yuko chuoni anasoma Qur-ani. Nimtoe?
Mama, Jang'ombe

Mama yangu, usimtoe kwanza, lakini unayoyalalamikia yote matatu una haki nayo na wala usikubali kuambiwa umepitwa na wakati.

Namba: mwanafunzi hatakiwi kutoa namba yake binafsi kabisa. Mawasiliano yapite simu ya skuli au ya mwalimu anaesimamia, na kundi kama lipo walimu wa pande zote mbili wamo ndani. Huyo kijana pengine hana baya lolote, anauliza habari za mpira, lakini saa 5 za usiku si saa za klabu ya mazingira. Muulize mwanao kwa upole kamwandikia nini, usianze na kumnyang'anya simu mana siku nyengine hatokwambia. Halafu mwambie mwalimu, na mwalimu amwambie mwalimu mwenzake wa kule, watalichukulia kwa uzito kuliko unavyofikiri.

Picha: Ulaya na Uingereza tangu 2018 wana sheria kali ya taarifa binafsi za watu, na skuli zao haziweki picha ya mtoto wao bila ya idhini ya mzee wake. Mtoto wako nae ana mzee. Skuli yenu iandike ujumbe wa mistari miwili tu, picha ya mwanafunzi wetu imewekwa bila ya ruhusa ya familia, tunaomba iondoshwe, na itaondoshwa.

Chuo: hili ni la kupanga. Wanafunzi wanaoongoza waandike mapema saa zisizowezekana, za chuoni, Ijumaa mchana, na Ramadhani alasiri yote, wawapelekee wenzao kabla ya tarehe kupangwa. Wa huko nao wana saa zao hawawezi, saa ya basi lao, mazoezi ya mpira, watasema. Mwanao kama ni mmoja wa viongozi hiyo kazi mpe yeye.

Na kama hujawahi kupewa karatasi ya kusaini kuhusu vikao hivi, ipo haja ya kuidai. Iseme ni nani wanaokutana, siku gani, kinarekodiwa au hakirekodiwi, na picha zinakwenda wapi. Nendeni wazee watatu wanne pamoja, asubuhi, kabla ya mkondo wa mchana kuingia, mwalimu mkuu ataichapisha siku ile ile.