Nani Anafagia, Nani Anasimulia: Maswali Kuhusu Uhakiki wa Kimaksi

Swali: Je, riwaya yoyote inayosimulia maisha ya maskini ni ya Kimaksi?

Hapana. Umaksi unaozungumzwa hapa ni namna ya kusoma, na unaweza kutumika hata kwa riwaya ambayo wahusika wake wote wanaishi katika majumba ya kifahari. Tabaka, kwa maana aliyoikusudia Karl Marx, mwanafalsafa Mjerumani ambaye Umaksi umepewa jina lake, halipimwi kwa wingi wa fedha mfukoni, bali kwa uhusiano wa mtu na njia kuu za uzalishaji mali: nani anazimiliki, na nani hana cha kuuza ila nguvukazi yake. Ndiyo maana mhakiki huanza kwa kuuliza ni nani anayefanya kazi inayomwezesha mwingine kuishi anavyoishi. Normal People ya Sally Rooney (2018) inaweza kusomwa kama hadithi ya mapenzi tu. Lakini kati ya wapenzi hao wawili, Connell na Marianne, mama yake Connell ndiye anayesafisha nyumba ya kina Marianne, na baadaye Connell anapokosa kodi ya chumba anashindwa kumwomba Marianne amkaribishe kwake, uhusiano wao ukavunjika kwa sababu ya neno lisilosemwa.

Swali: Kama mwandishi mwenyewe ni mhafidhina, kumsoma hivyo si kumsingizia?

Friedrich Engels, mshirika wa Marx, aliligusa jambo hili mwaka 1888, katika barua kwa mwandishi Margaret Harkness. Alimtaja Balzac, mwandishi wa riwaya wa Ufaransa, aliyekuwa mtetezi wa ufalme na aliyewahurumia makabaila, lakini aliyeonyesha kuanguka kwa tabaka hilohilo kwa ukweli mkubwa, hata Engels akakiri kwamba alijifunza kwake mengi kuliko kwa wanahistoria, wachumi na watakwimu wa zama hizo wote kwa pamoja. Kinachohakikiwa ni riwaya, si kadi ya chama.

Swali: Mbona wanyonge katika riwaya nyingi za leo hawaasi, ilhali hakuna anayewashikia fimbo?

Antonio Gramsci, mwanafikra wa Kimaksi aliyekamatwa na utawala wa kifashisti wa Italia mwaka 1926, alilitafakari fumbo hili katika madaftari aliyoyaandika kifungoni kuanzia 1929 hadi 1935. Alieleza kwamba tabaka tawala halitumii mabavu pekee, bali huwafanya watawaliwa wauone mpangilio uliopo kuwa ndio hali ya kawaida ya mambo, na utawala huu wa ridhaa aliuita hegemonia. The White Tiger ya Aravind Adiga, iliyopata tuzo ya Booker mwaka 2008, inautolea taswira isiyosahaulika: majogoo waliobanwa tunduni sokoni, wanaowaona wenzao wakichinjwa na kunusa damu yao, wasijaribu kutoka. Hata hivyo, naomba wanafunzi wasiharakishe kuandika "hegemonia" na kuweka nukta, kwa sababu msimulizi, Balram, ambaye ni dereva wa tajiri mmoja jijini Delhi, anaongeza kwamba mtumishi akiasi, jamaa zake watawindwa na kuuawa. Nyuma ya ridhaa hiyo kuna panga, na Gramsci hakuwahi kulisahau.

Swali: Balram anamshinda bwana wake na kutajirika. Si huo ndio ukombozi?

Ndivyo anavyotaka tuamini. Anamuua bwana wake, anachukua fedha za rushwa ambazo bwana huyo alizibeba, anaanzisha kampuni ya teksi Bangalore, na kujisifu kwamba madereva wake si watumishi wala "familia" yake, bali waajiriwa waliotia saini mkataba. Kwangu mimi, hapo riwaya ni kali kuliko penye mauaji. Uhusiano wa bwana na mtwana umegeuka kuwa wa mwajiri na mwajiriwa, jambo ambalo si dogo, lakini jasho la wengi linaendelea kumtajirisha mmoja. Dereva wake anapomgonga kijana wa baiskeli na kumuua, Balram anawategemea polisi aliokwisha kuwahonga, kisha anaipelekea familia ya marehemu fedha. Tofauti yake na mabwana wake wa zamani ni fedha hizo.

Swali: Je, uhakiki huu unashughulikia maudhui tu?

Uhakiki mvivu, ndiyo. Fani nayo ina tabaka. Balram anasimulia katika nafsi ya kwanza, kwa mzaha unaotufanya tucheke upande wake, na hatima ya jamaa zake waliobaki kijijini, ambao huenda walilipa kwa uhai wao, anaipitia upesi kama mtu anayefunga hesabu.