Swali la lugha: "Jeshi la Shirikisho" ni la nani?

SWALI: Natafsiri kitabu cha historia ya Marekani kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Katika sura ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 nimeandika: "Jeshi la Shirikisho lilisalimu amri Vicksburg." Mwenzangu aliyepitia rasimu akadhani walioshindwa ni watu wa Rais Abraham Lincoln, yaani upande wa Kaskazini. Kosa ni langu au lake? Tena, majimbo ya Kusini "yalijitenga" au "yalijitoa"?

JIBU: Mwenzako hana kosa. Neno shirikisho tumelitwika mizigo miwili. Mashabiki wa mpira wanalo kila wiki: kuna Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, na kuna Kombe la Shirikisho la Afrika. Katika majina yao ya Kiingereza hayo ni maneno mawili tofauti, federation na confederation, sisi tumeyafunika kwa moja, na uwanjani hakuna anayepotea. Kwenye sura yako, maneno hayo mawili ndiyo pande mbili za vita. Marekani ni nchi ya shirikisho na serikali yake ya Washington huitwa serikali ya shirikisho, kwa hiyo anayesoma "Jeshi la Shirikisho" ana haki kabisa ya kumfikiria Jenerali Ulysses Grant wa upande wa Lincoln. Kumbe wewe ulikusudia askari wa Kusini, waliosalimu amri kwa Grant huyohuyo tarehe 4 Julai 1863 baada ya kuzingirwa kwa wiki zipatazo saba.

Upande wa Lincoln uite Muungano, kwa herufi kubwa. Mtanzania atausikia mwaka 1964 humo ndani, na hilo halidhuru. Upande wa pili uite Konfederasi, ukilifafanua neno mara ya kwanza tu: "Konfederasi, yaani dola iliyotangazwa na majimbo yaliyojitenga, chini ya Rais Jefferson Davis". Ukilichukia neno la mkopo, andika "jeshi la majimbo yaliyojitenga". Ni refu, lakini halimpotezi mtu.

Usiegemee "Kaskazini" na "Kusini" peke yake. Mwaka 1860 majimbo 15 yaliruhusu utumwa, na yaliyojitenga yakawa 11. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri yalibaki ndani ya Muungano na watumwa wao. Kwa hiyo "majimbo yaliyoruhusu utumwa" na "majimbo yaliyojitenga" si visawe, na tafsiri nyingi huteleza hapo. Epuka pia "majimbo ya watumwa", maana yanaweza kusomeka kama majimbo yanayomilikiwa na watumwa wenyewe.

Sasa kitenzi. Kujitoa ni kwa mwanachama: Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya. Aliyeingia kwa hiari hutoka kwa hiari, na hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya South Carolina ilipotangulia wenzake tarehe 20 Desemba 1860. Lincoln hakuikubali hata chembe. Kwake Muungano hauvunjiki, na waliofanya hivyo walikuwa waasi. Hivyo ukiandika "yalijitoa" umeazima ulimi wa Kusini, na ukiandika "yaliasi" umeazima wa Washington. Kujitenga kunataja tendo bila kulihukumu, ndiyo maana tunakutumia pia kwa Katanga ya Kongo mwaka 1960 na Biafra ya Nigeria mwaka 1967. Chunga minyambuliko yake tu. Majimbo hayakutengana, kama mume na mke walioafikiana kila mtu ashike njia yake. Hayakutengwa pia, kutengwa kulikuja kuwapata raia Weusi baadaye, chini ya sheria za ubaguzi.

Hukuuliza kuhusu Tangazo la Ukombozi la tarehe 1 Januari 1863, ila nina hakika litakusumbua, kwa sababu vitabu vyetu hupenda kusema kwamba siku hiyo Lincoln "alifuta utumwa". Hakuufuta. Tangazo liliwahusu watumwa wa maeneo yaliyokuwa katika uasi. Mtumwa wa Kentucky halikumgusa. Sema "aliwatangaza kuwa huru watumwa wa maeneo yaliyoasi". Kufuta au kukomesha kuwekee Desemba 1865, Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoidhinishwa. Msomaji wa pwani tofauti ya namna hii anaijua: soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini utumwa uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897.

Na kukomboa, kwa asili yake, ni kutoa fidia, kama mtu anavyokomboa kitu alichoweka rehani. Maana hiyo ya kale inakaa sawasawa mahali pamoja katika sura yako: Washington, Aprili 1862, ambako serikali iliwalipa wamiliki hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyeachwa huru. Tangazo la 1863 halikumlipa mmiliki yeyote. Hata hivyo jina "Tangazo la Ukombozi" liache lilivyo, kwa kuwa tangu harakati za ukombozi wa Afrika neno hilo limepanuka na hakuna tena anayelidai fidia.

La mwisho ni dogo. Rasimu yako ina "vita ya wenyewe kwa wenyewe" kurasa za mwanzo na "vita vya" mbele. Tumezoea "Vita Kuu ya Pili ya Dunia", najua, lakini mimi ningeshika vya na vili- kitabu kizima: vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Aprili 1861, ngome ya Fort Sumter iliposhambuliwa.