Maalim Anajibu: Eigg, kisiwa kilichonunuliwa na wenyewe

Katika toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kisiwa cha Eigg, huko Scotland, ambacho wakazi wake walikinunua mwaka 1997. Barua zimenijia tangu Faza mpaka Malindi, na ukurasa wa leo ni wa walioniandikia.

Maalim, as-salaam aleykum. Kisiwa hicho kiko wapi hasa, na kina milima ya mchanga kama kwetu?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Shela*

Aleykum salaam, mwanangu. Kiko pwani ya magharibi ya Scotland, pamoja na ndugu zake watatu: Rum, Muck na Canna. Urefu wake ni kama kilomita 9, upana 5. Feri inatoka mji wa bandari wa Mallaig na safari yake inazidi saa moja. Mgeni haruhusiwi kuvusha gari, na mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa raha ya jambo hilo.

Hadi mwaka 2004 feri yenyewe haikuweza kufunga gati. Ilisimama nje, abiria na mizigo wakashushwa kwenye mashua, na mashua ndiyo iliyowafikisha nchi kavu. Bahari ikichafuka, feri ilipita zake. Nyinyi mnaovuka kutoka Mokowe wakati wa kusi mnajua maana ya kukosa pa kushukia.

Milima ya mchanga kama ya Shela sikutajii, ila upande wa kaskazini-magharibi kuna ufuo ambao mchanga wake unalia. Ni mchanga mweupe wa kwatzi, madini magumu yanayong'aa kama kioo. Ukiwa mkavu na ukaburura mguu juu yake, chembe zinasuguana na kutoa mlio mwembamba. Ukilowa, hausikii kitu.

Ajabu kubwa zaidi ni mlima wake, An Sgùrr, mita 393, ukuta wa mwamba mweusi unaoonekana kutoka mbali baharini. Yapata miaka milioni 58 iliyopita palikuwa na mto uliochimba bonde. Volkano ikatema mwamba ulioyeyuka, ukalijaza lile bonde, ukapoa na kuwa mgumu kuliko miamba iliyouzunguka. Kisha mvua, barafu na upepo zikala kandokando. Fikiria halua iliyomiminwa kwenye sinia, sinia ikaliwa na kutu mpaka ikaisha, halua ikabaki imesimama peke yake. Palipokuwa chini ya bonde ndipo leo penye kilele. Na ushahidi upo: chini ya mwamba ule wamekuta kokoto za mto na mbao za msonobari zilizogeuka jiwe. Mwalimu wako wa jiografia akikufundisha mmomonyoko, mpe mfano huu.

Maalim, mimi ni mama wa Faza. Kwetu kijana akimaliza shule anashuka Mombasa, harudi. Wazee wanasema kisiwa kidogo hakina riziki. Sasa hao watu wasiofika mia walipata wapi pesa za kununua kisiwa kizima? Na kilikuwa cha nani, kama si chao?
*Mama, Faza*

Dadangu, swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, nami nitaanza nalo.

Watu wa Eigg ni wa zamani sana. Mwaka 617 mtawa wa Kikristo aitwaye Donnan aliuawa pale pamoja na wenzake zaidi ya 50. Simulizi za wenyeji zinataja pia mwaka 1577, watu wa ukoo wa MacLeod walipokuja kulipiza kisasi kwa ukoo wa MacDonald waliokuwa wakiishi kisiwani. Wakazi walijificha pangoni, wanawake na watoto, na maadui wakawasha moto mlangoni mpaka moshi ukawamaliza. Simulizi inahesabu watu 395. Karne nyingi baadaye mifupa ilikuwa bado imo mle. Nakutajia haya ili ujue kwamba hata msiba wa namna hiyo haukukifuta kisiwa: watu walirudi, wakalima, wakazaa.

Kilichowapunguza kilikuja baadaye, na kilikuja na karatasi.

Ardhi yote ilikuwa ya bwana mmoja, chifu wa ukoo wa Clanranald, na wakazi walikuwa wapangaji wake. Mwanzoni mwa karne ya 19 mabwana wa pwani ile walipata utajiri kwa mwani: wapangaji waliukusanya, wakauchoma, na majivu yake yakauzwa kwa viwanda vya sabuni na vioo. Bei ilipoanguka, bwana akaelemewa na madeni, na mwishoni mwa miaka ya 1820 kisiwa kikauzwa, watu wakiwa juu yake. Hata hivyo mwaka 1841 bado walikuwa zaidi ya 500. Muda mfupi baadaye ugonjwa wa viazi ukaleta njaa. Halafu mwaka 1853 mfugaji mmoja wa kondoo akataka kukodi ardhi ya Grulin, chini ya ule mlima niliomweleza mwanafunzi wa Shela, kwa sharti kwamba aikute tupu. Familia 14 zikaondolewa. Nyingi zilipanda meli kwenda Nova Scotia, Kanada. Kuta za nyumba zao zipo hadi leo, mawe matupu kwenye majani, na kondoo wanapita katikati.

Kwa hiyo nawaheshimu wazee wa Faza, lakini hapa sikubaliani nao. Bahari ya Eigg haikupungua samaki kwa siku moja, wala udongo haukugeuka chumvi mwaka ule. Watu waliondoka kwa sababu hawakuwa na neno juu ya ardhi waliyolala. Na hali iliendelea karne nzima baadaye: kisiwa kikatoka mkono wa tajiri mmoja hadi mwingine, mwaka 1975 kikauzwa, mwaka 1995 kikauzwa tena. Wengi hawakuwa na mkataba wa kudumu. Nani atatia bati jipya kwenye nyumba anayoweza kuambiwa aihame? Nani atakopa benki kwa kiwanja kisicho chake?

Basi wakajipanga. Waliunda amana ya pamoja, yaani chombo cha kuishika mali kwa niaba ya watu: wakazi wenyewe, serikali ya mkoa wa Highland, na shirika la hifadhi ya wanyama na mimea la Scotland. Wakaomba msaada wa umma, na maelfu ya watu wakatoa, mwenye kidogo na mwenye kingi. Fungu kubwa kupita yote lilitoka kwa mwanamke ambaye hakutaka jina lake litajwe. Tarehe 12 Juni 1997 walishika hati kwa pauni milioni 1.5. Wakati huo walikuwa watu 65 hivi. Leo wamepita mia, na miongoni mwao ni vijana waliorudi kujenga. Watoto wadogo wanasoma papo hapo. Wakifika sekondari wanalala bweni Mallaig siku za shule.

Mwaka 2003 Scotland ikapitisha sheria inayoipa jamii iliyojiandikisha nafasi ya kwanza ya kununua ardhi yake inapouzwa.

Naandika haya moyo ukiniuma, kwa sababu pwani yetu nayo imepita humo. Sheria ya hati za ardhi ya 1908, enzi ya Mwingereza, ilimtaka mtu apeleke dai lake liandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Aliyekosa habari, au aliyekuwa baharini, akaamka skwota kwenye mnazi wa babu yake. Lakini siku hizi tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, inayoruhusu jamii kujisajili, kuchagua kamati yake na kupewa hati ya pamoja. Dadangu, kawaulize wazee wenu Faza mmelifikisha wapi jambo hilo, kisha uniandikie tena.

Maalim, mimi fundi wa stima hapa Malindi. Hao watu mia umeme wanautoa wapi? Na je, mtambo wao ungefaa kisiwa cha Kiwayu?
*Fundi, Malindi*

Fundi, mpaka mwaka 2008 nyumba nyingi zilitegemea jenereta zao, na dizeli ikivushwa kwa feri. Tarehe 1 Februari mwaka huo wakawasha mtandao wao wenyewe: mitambo mitatu ya maji ya kijito, mmoja mkubwa na miwili midogo, mashine nne za upepo, paneli za jua, na betri. Jenereta imebaki ya dharura.

Uzuri wake ni kupokezana. Desemba huko jua linatua kabla ya saa kumi alasiri, paneli hazina kazi, lakini mvua na upepo havikomi. Juni vijito vinapungua, na jua linakaa mpaka baada ya saa nne usiku. Umeme ukizidi, unapelekwa kupasha joto ukumbi wa kisiwa.

Kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5, biashara 10. Birika la stima na mashine ya kufulia kwa pamoja tayari vinakaribia hapo. Ukipitisha, nyumba yako inazimika mpaka anayesimamia aje akuwashie.

Kwa Kiwayu, mitambo ya maji iondoe kichwani, hakuna kijito. Jua mnalo mwaka mzima, na upepo wa kusi ungesaidia miezi ya mawingu. Hesabu yako itakuwa ya paneli na betri, na nyaya zinazostahimili chumvi. Ila kile kikomo cha kilowati ningekaa na wanakijiji tukubaliane nacho kwanza, kabla ya kuagiza hata paneli moja.