Maji ya moto peke yake hayaleti kimbunga

Mkuu, umeuliza: kama Atlantiki ilichemka vile 2024, mbona katikati ya Agosti hadi mapema Septemba, pale pale penye kilele cha msimu, vimbunga vilipotea?

Mimi nipo Houston, Texas, Marekani. Julai 8 mwaka ule kimbunga Beryl kilitupiga kikiwa daraja la 1 tu (nguvu ya upepo hupimwa kwa madaraja 1 hadi 5), na bado nilikaa siku sita bila umeme, nyama ya friza nusu nikagawa, nusu nikatupa. Wiki moja nyuma kilikuwa daraja la 5 huko Karibi, na hakuna kingine cha Atlantiki kilichowahi kufika hapo mapema hivyo katika mwaka. Kimbunga hutaka maji ya nyuzi 26 na ushee, na Karibi ya Juni ilishakuwa na joto la Septemba. Nikasema mwaka huu tumekwisha.

Kumbe maji ni petroli tu, kiberiti kinatoka kwetu Afrika. Mawimbi ya hewa huanzia pande za Sudan na nyanda za juu za Ethiopia, hukatiza Saheli (ukanda wa nusu jangwa kusini mwa Sahara), huingia baharini karibu na Senegal na Cape Verde. Agosti ile mvua za monsuni zilipanda kaskazini hadi jangwani, mawimbi yakaingia baharini kaskazini mno, yakakuta maji ya baridi na hewa kavu ya Sahara. Yakafa. Mwisho wa Septemba mambo yakabadilika: kikaja kimbunga Helene, kisha Milton, wiki mbili tu kati yao.

Kitu cha tatu ni upepo wa juu. Kimbunga lazima kisimame wima. Upepo wa juu ukitofautiana sana na wa chini, kinapinda na kuraruka. El Nino, yaani maji ya Pasifiki ya ikweta yanapopata joto kupita kawaida, hufanya hivyo juu ya Karibi. Ile ya 1997 iliyotufurikisha nyumbani Afrika Mashariki (wazee wenzangu mnaikumbuka) iliiachia Atlantiki vimbunga kamili (daraja la 1 kwenda juu) 3 tu. La Nina, Pasifiki inapopoa, ni kinyume chake. Ila msiitegemee: 2023 El Nino ilikuwepo, na dhoruba zilizopewa majina (si lazima ziwe vimbunga kamili) zikafika 19, kwa sababu maji yalikuwa ya moto kupindukia.

Halafu kuna 1992. Msimu tulivu, hakuna dhoruba iliyopata jina hadi katikati ya Agosti. Iliyopata ikaitwa Andrew, ikausambaratisha mji wa Homestead, kusini mwa Miami, ikiwa daraja la 5. Ndiyo maana utabiri wa idadi ya dhoruba siku hizi nausoma kwa udadisi tu. Jenereta nimeshanunua.