Mtoto akitoka kupasuliwa, hesabu dakika za muuguzi

Dada mmoja anayeongoza zamu ya usiku kwenye hospitali moja hapa Bukavu ametuandikia. Chumba chake cha watoto kina vitanda 20 na wauguzi wawili, na jioni anapokea watoto wanne kwa mpigo kutoka chumba cha upasuaji. Awagawe vipi wauguzi wake? Tunamjibu hadharani, maana swali lake ni la wengi, kuanzia Goma hadi Lubumbashi.

Dada, ukigawa vitanda 20 kwa wauguzi wawili utapata kumi kumi, na hiyo kumi haikuambii lolote. Mtoto anayengoja kutolewa nyuzi na mtoto aliyefika sasa hivi akiwa bado na dawa ya usingizi mwilini hawali muda sawa. Utaratibu tunaoufuata ni huu: saa ya kwanza mtoto anapimwa kila dakika 15, saa mbili zinazofuata kila dakika 30, kisha kila saa kwa saa nne, halafu kila baada ya saa nne kama hali imetulia. Kumpima vizuri, yaani kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mapigo ya moyo, oksijeni kidoleni, joto, kidonda na kuandika, ni dakika kama tano. Watoto wanne mara vipimo vinne mara dakika tano ni dakika 80 ndani ya saa moja. Muuguzi mmoja hawezi, hata awe hodari namna gani. Akiwa na wawili atatumia dakika 40, na zinazobaki ni za dawa, serumu (maji ya mshipani) na kuitwa huku na kule.

Kwa hiyo usikubali kupokea wanne kwa mpigo. Waambie chumba cha upasuaji wakuletee wawili, wengine wabaki chumba cha kuamkia mpaka saa ya kwanza ya wale wawili iishe. Muuguzi mmoja anakaa na hao wawili, vitanda vyao viwe karibu na meza yake, na mwenzake anashika waliobaki. Na ongea na daktari mpasuaji mapema kuhusu orodha ya siku. Mtoto aliyetoka saa 4 asubuhi anamaliza zile saa saba ngumu saa 11 jioni, wakati watu wa mchana bado wapo. Aliyetoka saa 11 jioni anazimaliza saa 6 usiku, na katikati yake zamu imebadilika. Wa dharura, kama yule wa utumbo uliotoboka kwa tifoidi, hachagui saa. Henia inaweza kusubiri asubuhi.

Wapo wakubwa wanaodhani wauguzi wanalalamika tu. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa upasuaji katika hospitali za Pennsylvania, Marekani: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. Hao walikuwa watu wazima, na mtoto huharibika haraka kuliko mtu mzima. Presha yake hukaa sawa mpaka dakika za mwisho. Kinachotangulia ni moyo kwenda mbio, mikono na miguu baridi, na ukibonyeza ngozi ya kifua kwa sekunde tano, rangi kuchelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu. Anayengoja presha ishuke ndipo amwite daktari amechelewa.

Serumu ndiyo inayoumiza watoto wengi kimyakimya. Chukua mtoto wa kilo 12: mililita 4 kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza, kisha 2 kwa kila kilo inayozidi, jumla mililita 44 kwa saa. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni matone 15 kwa dakika. Chupa ya 500 inapaswa kumchukua zaidi ya saa kumi na moja. Mlezi akifungua kigurudumu cha kupunguza matone kwenye mpira ili iishe upesi, au mtoto akinyoosha mkono uliokuwa umekunjwa, inaweza kuisha ndani ya saa moja. Ikiwa ni glukosi tupu, yaani maji ya sukari yasiyo na chumvi, chumvi ya damu inashuka, ubongo unavimba, mtoto anapata degedege. Bandika plasta pembeni mwa chupa, chora mstari wa kila saa na saa yake. Hapo hata mlezi ataona maji yametangulia mstari.

Parasetamoli ya mshipa nayo: chupa ya mililita 100 ina gramu 1. Huyo wa kilo 12 anahitaji miligramu 180, yaani mililita 18, kila baada ya saa sita. Ukitundika chupa nzima umempa zaidi ya mara tano. Vuta kwenye bomba la sindano, mwenzako asome namba kwa sauti. Kodeini na tramadoli, dawa kali za maumivu, usiwape walio chini ya miaka 12. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilizikataza mwaka 2017 kwa umri huo, kwa sababu miili ya watoto wengine huzigeuza haraka kuwa kitu kikali na pumzi inazama.

Mtoto aliyetolewa tonsili, mtazame koo akiwa amelala. Akimeza mate mara kwa mara usingizini, anameza damu. Washa tochi, angalia ndani, mwite daktari kabla hajaitapika.

Walezi wafundisheni, lakini msiwape kazi yenu. Mama anaweza kuambiwa apige kelele mtoto akikoroma, akibadilika rangi ya midomo au akiacha kukojoa. Kuhesabu pumzi ni kazi ya muuguzi.

Kipimo kilichokosekana, andika kwenye daftari: saa, jina la kipimo, sababu. "Saa 3 usiku, hakupimwa, nilikuwa nafufua mtoto mwingine." Usijaze namba za kubuni. Mwisho wa mwezi jumlisha mistari hiyo, ipeleke kwa mkurugenzi wa wauguzi pamoja na hesabu ile ya dakika 80, uombe mtu wa tatu kwa saa za jioni pekee. Ombi la saa chache ni jepesi kukubalika kuliko la mtu wa usiku kucha.